Redio ya Mashua ya Shemeji wa Kanyangi

Sikwenda Kanyangi kutalii, ingawa majirani zangu wa Kiboko wanasema hivyo mpaka leo. Nilienda kwa sababu dada yangu Ndinda alinipigia simu Jumatano mchana, nikiwa nimelala chali chini ya dashibodi ya lori la saruji nikifunga redio, akaniambia bila hata salamu: "Mumbua, nauza mashua. Jumamosi mtu anakuja na pikapu kuichukua."

"Na shemeji anasemaje?"

"Shemeji yako husema kitu siku hizi?"

Shemeji yangu Kioko alipigwa na kiharusi mwaka uliopita. Mguu ulirudi, mkono ukarudi pole pole, lakini ulimi ukabaki mzito. Na huyu ndiye aliyekuwa mnadi wa kanisa lao! Wa kwetu wanajua ninachosema. Ibada ikiisha, vile vitu ambavyo waumini wamevileta badala ya pesa, mayai, miwa, maboga, kuku, hutolewa nje na kupigwa mnada. Kioko akishika jogoo mkononi, hata waliokuwa wameshafika barabarani walirudi. Angemsifu huyo jogoo mpaka wewe uliyemleta utake kumnunua tena. Sasa mtu huyo alikuwa akijibu kwa kutikisa kichwa.

Mashua aliinunua alipostaafu. Ni chombo kidogo cha kujifurahisha, rangi ya samawati, chenye injini ya kelele nyingi. Watu walimcheka sana. Mkamba na mashua, wapi na wapi? Na bwawa la Kanyangi lenyewe unalizunguka kwa miguu kabla sufuria ya ndengu haijaiva. Lakini sikukuu zikifika, wale wale waliocheka walipanga foleni wapelekwe majini wakiwa na watoto wao. Baada ya ugonjwa, mashua ikawa ndiyo kitu pekee cha kumtoa kitandani. Alipoanza kutembea vizuri, alitaka kwenda peke yake, na Ndinda akakubali kwa sharti moja: redio.

Simu kule bondeni hushika na kukata inavyotaka. Kwa hivyo mtoto wao Mutua akawatumia kutoka Nairobi redio mbili za mkononi, zile za kubonyeza kitufe ndipo useme, ambazo wengi wetu tunaziita wokitoki. Mapatano yalikuwa rahisi. Ndinda angeita kila baada ya muda, na Kioko hakuhitaji kusema neno. Angebonyeza kitufe mara mbili, Ndinda asikie kwaru, kwaru, ajue mume wake yuko salama. Basi Ndinda akawa anaita, na kimya. Anaita tena, kimya. Anakimbia mteremko wote na viatu mkononi, na akifika ukingoni anamkuta mwanamume ameketi katikati ya maji, mzima kabisa, anamtazama kwa mshangao.

"Moyo wangu umechoka," akaniambia. "Siku moja nitakimbia na nimkute kweli ameanguka."

"Usiuze kabla sijafika. Redio ni kazi yangu."

"Jumamosi, Mumbua. Siongezi siku."

Alhamisi asubuhi nikaondoka Kiboko na pikipiki yangu. Nyuma nilifunga sanduku la vifaa, waya wa antena, na antena moja ya lori, ile yenye sumaku chini inayojishika yenyewe juu ya kichwa cha gari. Mama anayeuza machungwa kando ya barabara akaniuliza naenda wapi na mzigo wote huo. Nikamwambia naenda Kitui kutengeneza redio ya mashua.

"Kitui kumekuwa na bahari lini?"

"Tulipoichimba hukualikwa?"

Alicheka mpaka akanitupia machungwa mawili ya bure. Kwa kweli nilicheka ili nisiwaze. Nilimpenda sana shemeji huyu. Nilipojifunza kazi ya ufundi, wanaume wote wa ukoo walisema msichana atapigwa na stima afe. Ni yeye aliyeniletea redio yake nzima, isiyo na ubovu wowote, akaniambia niifungue nione ndani.

Saa sita hivi nilikuwa mjini Wote. Jua lilikuwa limesimama juu ya paa za soko na watu wa ofisi za kaunti walikuwa wakitafuta chakula na kadi zao zikining'inia shingoni. Nilikula chapati na ndengu, kisha nikaingia duka la vifaa vya stima kutafuta kiunganishi kidogo cha kuunga waya wa antena na redio ya mkononi. Kijana wa duka akakigeuzageuza kile cha mfano nilichobeba.

"Auntie, hii saizi ni ngumu kupata. Ni ya gari gani?"

"Ni ya mashua."

Akanitazama, akatazama nje kwenye vumbi, akanitazama tena. "Auntie, uko sure hujapotea? Hapa ni Wote." Lakini aliingia nyuma ya rafu, akachakura weee, akatoka na kimoja kilichofanana na changu kabisa, na akakataa kuniacha niondoke kabla hajakijaribu mwenyewe. Mungu ambariki. Bila kile kidude safari yote ingekuwa bure.

Kwenye daraja la Mto Athi nilisimama kupoza injini. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yakipita polepole kati ya mawe, na upande wa pili tayari ni Kitui. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Vipi kama redio ni nzima? Vipi kama shemeji anasikia akiitwa na hataki kujibu? Ndinda hakulisema hilo kwenye simu, lakini namjua dada yangu. Ndilo lililokuwa likimtafuna. Mtu anaweza kuvumilia mume mgonjwa. Mume aliyekukasirikia na hakwambii kwa nini, hilo ni jambo jingine.

Kutoka hapo ni barabara ya murram, changarawe nyekundu tupu, mpaka Kanyangi. Nilipita mashamba ya mbaazi na mbuzi wanaovuka bila kutazama. Nje ya nyumba nyingi pojo zilikuwa zimeanikwa juu ya magunia yaliyofunguliwa, na akina mama waliinua mikono kunisalimu bila kunijua. Nilifika kwa dada yangu jua likiwa limeanza kulegea, nikiwa mwekundu kwa vumbi kuanzia kope mpaka soksi.

"Ai, Mumbua! Umekuwa tofali!" Ndinda akanikumbatia hivyo hivyo. Amepungua, nikaona, na kicheko chake hakikukaa.

Shemeji alikuja mlangoni. Amevaa shati lililopigwa pasi, ndevu zimenyolewa. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akafungua mdomo. "Ka... ka..."

"Karibu," Ndinda akamalizia haraka. "Anasema karibu."

Kioko akafunga mdomo, akatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Mezani tulikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe. Katikati ya chakula akanyoosha kidole, akaanza, "Ni... ni..." na kabla hajafika popote Ndinda alishampa chumvi. Akaipokea, akaiweka kando ya sahani. Sikumwona akiitia kwenye chakula. Dada yangu alifanya hivyo kwa mapenzi matupu, uso wote umejaa huruma, kama unavyomdaka mtoto kabla hajaanguka. Mimi pia nilimmalizia maneno mara mbili tatu jioni hiyo. Kimya chake kinauma, unataka tu kiishe.

Ijumaa asubuhi tukashuka bwawani wote watatu. Nilipoiona mashua nikapiga makofi. Juu yake Kioko alikuwa amejengewa na fundi wa vyuma kivuli cha mabati, mabati yale yale ya kuezekea nyumba, juu ya nguzo nne. Na redio ilifungwa kwenye nguzo, chini ya hayo mabati.

"Shemeji, umeifunika redio na sufuria, halafu unataka isikie?"

Akacheka bila sauti, mabega yakitikisika. Nikamweleza kwamba mabati yakiwa juu ya antena ni adui, lakini yakiwa chini yake ni rafiki mkubwa. Nikapanda, nikaweka antena ya lori juu ya kile kivuli, sumaku ikalishika bati kwa kishindo. Nikapitisha waya pembeni ya nguzo, mbali na injini kwa sababu injini zile hutia makelele redioni, nikafunga kile kiunganishi cha Wote, na pale ambapo maji yangeweza kuingia nikazungusha utepe mpaka ukanona.

Kisha nikapanda nyumbani kutazama redio ya Ndinda. Ilining'inia kwenye msumari jikoni, na jiko lenyewe ni la mabati kuanzia chini hadi juu. "Nyinyi wawili kweli mlioana," nikamwambia. Nikasimamisha mti mrefu nje, nikafunga antena ya waya juu yake, nikaushusha waya wake mpaka dirishani.

Tulipojaribu, mimi na shemeji tulikwenda hadi mwisho wa bwawa, nyuma ya lile jabali ambalo dada alisema ndilo linalomeza sauti. Nilishika redio mkononi. "Ndinda, unanisikia?"

"Nakusikia mpaka unavyopumua!"

Kioko alinipigia makofi. Moyo wangu ukatulia. Kumbe ni antena tu, nikasema, watu nusura wauze mashua kwa ajili ya antena.

Aliponirudisha ukingoni, akachukua redio na kuifunga mwenyewe kwenye nguzo kwa raba. Ile raba ya tyubu ya baiskeli, iliyokatwa utepe mrefu. Kwetu raba hufunga kila kitu: mzigo, geti, kiti kilichovunjika mguu, mlango wa kuku. Akaivuta kwa mkono wake mzima, akaizungusha mara nyingi, akaikaza kabisa kama mtu anayefunga gunia la mahindi. Mimi nilitazama, na wala sikuwaza lolote. Akawasha injini, akaenda zake.

Mchana huo tuliketi nje ya jiko. Ndinda alikuwa anasuka kiondo, mimi nakunywa uji, na redio iko juu ya dirisha. Ghafla tukasikia maji yakipiga ubavu wa mashua. Kisha injini ikazimwa. Tulitazamana. Sauti ilikuwa karibu kiasi kwamba nilitaka kugeuka nyuma.

Halafu mtu akasema, "Ku... kuku."

Ndinda akaacha kusuka.

"Kuku hu... huyu. Kuku huyu ame... amele..." Kimya kirefu, pumzi tu. "Amelelewa kwa ma... mahindi. Pole pole, Kioko. Ru... rudia." Akarudia. Akamwinua yule kuku asiyekuwepo, akamsifu manyoya, akamsifu miguu, neno moja moja, mengine akiyapanda kama mlima, anateleza, anaanza tena. Aliuza kuku. Akauza miwa. Aliponaswa na neno "boga" alijitukana kidogo, kisha akacheka peke yake.

"Baba Mutua!" Ndinda alikuwa amerukia redio, anaibonyeza kwa vidole vyote. "Baba Mutua, nakusikia! Sema boga! Boga!"

"Hakusikii," nikamwambia. Nilishaelewa, na nilitaka kujipiga kofi. "Ile raba imebana kitufe chake. Kitufe kikibonyezwa, redio inatuma tu, haipokei. Muda wote huu amekuwa akiifunga hivyo. Wewe uliita, yeye hakusikia chochote, na kwa sababu ya yale mabati sauti yake haikufika."

"Basi nifanye nini?"

"Hakuna. Kaa usikilize."

Akaketi chini kabisa, udongoni. Mdomo wake uliendelea kucheza, akimsaidia maneno kimya kimya, na hayakumfikia. Kisha Kioko akaacha mnada. Tukasikia ndege.

"Ndi... Ndi..."

Wanaume wengi kwetu humwita mke kwa jina la mtoto, Mama fulani, basi. Kioko alimwita dada yangu Ndinda tangu walipooana, hata mbele ya pasta. Tangu augue, alikuwa hajamwita kitu.

"Ndi... nda. Ndinda." Akavuta pumzi. "Ndinda, ni... ningojee. Ningojee ni... nimalize."

Alisema hivyo mara nyingi, akisafisha kila mara, mpaka sentensi ikatoka bila kukwaruza. Dada yangu alilia kwa sauti kama watu wanavyolia kwenye matanga. Nilimshika mabega. Aliponyamaza akasema, "Ni mimi, Mumbua. Mimi ndiye namnyang'anya. Nilidhani ananichukia, kumbe simpi nafasi."

Kabla Kioko hajarudi, Ndinda alipanda kilimani, mahali simu inaposhika, akampigia yule mtu wa pikapu. "Mashua haiuzwi tena, ndugu yangu. Samahani kwa usumbufu." Hilo likaisha.

Lililobaki lilikuwa gumu zaidi. Ndinda alinishika mkono. "Usimwambie. Akijua tumemsikia ataona aibu, hatasema tena milele. Wacha raba ikae hivyo hivyo."

"Na akizidiwa kule, ukamwita na hasikii? Betri nayo inaisha bure. Dada, hiyo si redio tena, hiyo ni kumvizia mtu."

"Mumbua, nakuomba."

Hilo lilinikaa vibaya moyoni, sikuweza hata kungoja usiku. Jioni Kioko alipokuwa anafunga mashua, nikashuka. Nikamwonyesha raba, nikamwonyesha kitufe chini yake, nikamwambia yote kwa ufupi. Alisimama ameshika kamba. Damu ilimpanda usoni. "Tangu... tangu li... li..." Nilijiuma mdomo nikangoja. "Tangu lini?"

"Leo tu. Antena ilikuwa mbaya, ikapona."

"Yote?"

"Yote, shemeji. Mpaka boga."

Hakucheka. Alinipita, akapanda nyumbani, akaingia chumbani, na chakula hakukigusa. Ndinda alinitazama kwa macho ambayo sitaki kuyaona tena. "Umefurahi?" akaniuliza. Niliosha vyombo vyote vya nyumba ile, hata vilivyokuwa visafi.

Jumamosi asubuhi Kioko aliondoka bila chai. Redio aliichukua. Ndinda akasimama dirishani na yake, hakuita. Tulisikia injini kwa mbali, kwa masikio matupu, ikizimwa. Redioni hakukutoka kitu. Jua likapanda. Nilianza kufunga mizigo yangu, na moyoni nilikuwa nimeshajihukumu.

Redio ikakwaruza.

"Ndinda." Kisha pumzi. Kitufe bado kilikuwa kimebonyezwa, tulikuwa tunasikia maji. "Niko... niko sa..."

Dada yangu alifungua mdomo. Niliona neno limefika kabisa kwenye ulimi wake. Alijiziba kwa kiganja. Maji yakapiga ubavu wa mashua, yakapiga tena, ndege akalia na kuacha, na yule mwanamume akakishikilia kitufe chake kwa kidole chake mwenyewe, hakuna mtu duniani ambaye angeweza kumkatiza.

"...salama. Niko salama. Na ile ju... juzi. Sikutaka chu... chumvi. Nilitaka ku... kuuliza Mumbua ha... habari za safari."

Akaachia kitufe. Ndinda akabonyeza chake. "Mume wangu, nimesikia," akasema. "Endelea. Nangoja."

Niliondoka saa nne. Shemeji alinifungia sanduku nyuma ya pikipiki, kwa raba bila shaka, na Ndinda akanipa pojo za kutosha kijiji kizima. Kwenye daraja la Athi sikusimama, wala Wote. Nilifika Kiboko jua bado liko, yule mama wa machungwa akaniuliza kama bahari ya Kitui ina chumvi. Nikamwambia hapana, hawaitaki kabisa, na yeye hakuelewa nilichocheka.

Nimefunga redio nyingi maishani na siku zote nilidhani kusikika ni suala la waya na urefu wa antena. Kwa dada yangu nilijifunza kwamba mtu anaweza kuwa na sauti ya kutosha na akakosa tu mtu wa kumngoja. Sijalizoea somo hilo. Jioni ile ile, nikiwa bado sijavua viatu, simu ililia. Ilikuwa namba ya Ndinda, lakini aliyepumua upande ule hakuwa Ndinda.

"Mu... Mumbua. U... ume... ume..."

Nililijua neno. Mtu yeyote angelijua. Niliketi juu ya ngazi ya nyumba yangu, nikaishikilia simu sikioni, malori yakipita, na nikangoja.

"Umefika?"